Chemchemi Haitaki Kila Mti

Masika yanapokaribia, shule nyingi za Moshi na vijiji vya mlimani hufanya safari fupi yenye shangwe. Wanafunzi hubeba miche, majembe na ndoo, wakateremka mpaka kwenye chemchemi au ukingo wa mto, wakachimba mashimo, wakapanda, kisha wakarudi shuleni jioni na tope miguuni. Siku ya pili yake idadi ya miche huandikwa katika taarifa. Taarifa hiyo hupokewa kwa furaha, nayo kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Kuna mambo mawili ambayo aghalabu hayaandikwi. La kwanza ni aina ya miche iliyopandwa. La pili ni kiasi cha maji yaliyokuwa yakitoka katika chemchemi ile siku ile. Maadamu mambo hayo mawili hayajulikani, hakuna awezaye kusema baada ya miaka kumi kama wanafunzi wale waliisaidia chemchemi au waliikausha. Neno "waliikausha" huenda likaonekana kali, lakini ushahidi upo kwamba mti uliopandwa pasipofaa waweza kukausha kijito kizima.

Hoja ya makala hii ni moja. Kurudisha ardhi oevu, yaani vinamasi, chemchemi na kingo za mito, ni kazi yenye utaratibu wake: maji huja kwanza, kisha mimea ya mahali pale, na mwisho hesabu ya miche. Utaratibu huo ukipinduliwa, jasho la wanafunzi hupotea bure.

MLIMA NA MAJI YAKE

Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, na mji wa Moshi uko chini yake katika kimo kisichofika mita 1,000. Katika mwendo huo mfupi mvua hubadilika mno. Nyanda za chini, kuelekea Kahe na Arusha Chini, hupata mvua chache. Vihamba vya migomba na kahawa hupata mvua za kutosha. Msitu ulio juu ya vihamba, upande wa kusini, katika kimo cha mita 2,000 hivi, hupata mvua nyingi kuliko mahali pengine popote mlimani, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukipanda zaidi mvua hupungua tena, na kileleni ni jangwa la baridi.

Kwa hiyo ghala la maji la mlima huu ni msitu. Dunia nzima huzungumza juu ya theluji ya Kibo, na kwa kweli theluji hiyo inakwisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 85 hivi. Lakini mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza msitu wa juu unadhuru maji kuliko kupungua kwa barafu. Barafu huleta maji kidogo tu. Msitu hupokea mvua, hunasa ukungu, na kuyapenyeza maji ardhini.

Miamba ya volkano ina nyufa na matundu mengi. Maji yaliyopenya juu husafiri chini kwa chini, na sehemu yake hutokeza tena mguuni pa mlima. Hiyo ndiyo asili ya chemchemi za Njoro, Shiri, Nsere, Miwaleni na nyingine nyingi, na ndiyo sababu Msitu wa Rau, ulio kando ya mji wa Moshi, waweza kusitawi mahali ambapo mvua peke yake isingetosha kuulisha. Miti ya Rau hunywa maji ya chini ya ardhi. Humo hukua mivule mikubwa, na humo unapatikana msoo, mti adimu wa Kenya na Tanzania ambao wanasayansi huuita Oxystigma msoo; jina la kienyeji limeingia katika orodha za dunia.

Maji hayo yote hatimaye hukusanyika katika mito ya Kikuletwa na Ruvu, ambayo hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo huitwa Pangani, huzungusha mitambo ya umeme, na kuingia baharini. Chemchemi ndogo iliyoko nyuma ya kihamba cha mtu mmoja ni mwanzo wa mto unaotumiwa na mikoa kadhaa.

KINAMASI NI NINI

Vitabu vingi husema kwamba kinamasi ni kama sifongo: hunyonya maji wakati wa mvua na kuyaachia wakati wa kiangazi. Mfano huo ni mzuri kwa kuanzia somo, lakini mwanafunzi asiuamini kupita kiasi. Kinamasi hakizalishi maji. Mimea yake hunywa maji na kuyatoa hewani kwa majani, na jua hukausha maji yaliyo wazi. Mara nyingine maji yanayotoka kinamasini ni machache kuliko yaliyoingia.

Faida ya kinamasi ni ya namna nyingine. Kwanza hupunguza mwendo wa mafuriko, hata maji yaliyokuwa yapite kwa saa chache huchukua siku nyingi. Pili hukamata udongo ulioporomoka mlimani kabla haujafika kwenye mfereji na bwawa. Tatu husafisha maji. Nne huhifadhi viumbe: samaki huzalia humo, ndege hujenga humo, na nyuki hupata maua wakati wa ukame.

Mimea ndiyo hutenda kazi hiyo, na kila mmoja una nafasi yake. Mafunjo na matete husimama ndani ya maji. Mashina yake yana mirija ya hewa inayopeleka oksijeni mpaka mizizini, mahali ambapo mizizi ya mti wa kawaida ingeoza. Jamii ya ndago hushikilia tope la pembeni. Juu kidogo, penye unyevu lakini pasipo na maji yaliyotuama, husimama mikuyu, mizambarau mwitu na misesewe. Msesewe, ambao magamba yake kila mpika mbege wa Uchagga anayajua, ni mti wa kandokando ya maji. Miwale nayo, mitende mikubwa yenye majani marefu mno, hupenda penye tope. Mwenye kujua Kiswahili akisikia jina la chemchemi ya Miwaleni hana budi kuikumbuka. Mara nyingi jina la mahali hubaki likishuhudia mmea hata mmea wenyewe ukiwa umepungua.

Wazee wa mlimani hawakuhitaji darasa ili kulijua jambo hili. Walichimba mifongo iliyoteremsha maji kutoka korongoni hadi vihambani, wakaiwekea wasimamizi, zamu na adhabu, na penye chanzo cha maji hawakuruhusu kila mtu aingie na shoka. Sheria ya leo yafuata njia hiyohiyo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuleta madhara, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tofauti ni kwamba amri ya mzee ilikaa karibu na maji, na sheria mara nyingi hukaa mbali nayo.

USHAHIDI WA KIJITO KILICHOKAUKA

Mkaratusi ulitoka Australia. Hukua haraka, hunyooka, hutoa nguzo na kuni, na mkulima aweza kuuza baada ya miaka michache tu. Si mti mbaya. Hata juu ya Kilimanjaro, ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate mbao na kuni, ulipandwa pia miti ya kigeni, na nia yake ilikuwa njema: kuuepushia msitu wa asili shoka. Kosa halimo katika mti bali katika mahali unapopandwa.

Kosa hilo lilipimwa barabara huko Afrika Kusini, mahali paitwapo Mokobulaan. Watafiti walichagua bonde dogo lenye kijito kisichokauka, wakalipanda mikaratusi mwaka 1969, na wakaendelea kupima maji. Mwaka wa tisa baada ya kupanda, kijito kilikauka kabisa. Mikaratusi ilikatwa ilipofikia umri wa miaka 16. Je, maji yalirudi siku ya pili? Hapana. Ilipita miaka mitano baada ya kukata ndipo kijito kikaanza kutiririka mwaka mzima kama zamani, kwa sababu mizizi ilikuwa imemaliza akiba ya maji iliyokuwa chini sana ardhini, na akiba hiyo ilibidi ijazwe kwanza.

Somo la Mokobulaan lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inajulikana na wengi: mkaratusi hunywa sana. Sehemu ya pili husahauliwa: madhara yake hudumu baada ya mti wenyewe kuondoka. Anayekata mikaratusi leo asitarajie sifa kesho, naye kiongozi anayetaka matokeo kabla ya mwaka kwisha atavunjika moyo. Nchi ya Kenya ilipoona ukame, Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mwaka 2009 kwamba mikaratusi iondolewe penye vyanzo vya maji. Agizo lilikuwa sahihi kisayansi. Lakini agizo hutolewa kwa siku moja, na akiba ya maji ya ardhini hujazwa kwa miaka.

Hata hivyo, hapana mti usiokunywa maji. Mkuyu nao hunywa, msesewe hunywa, mafunjo hunywa. Anayesema kwamba mti wa asili "huleta maji" anawafundisha wanafunzi jambo lisilothibitishwa. Asemayo sayansi ni machache zaidi, lakini yanatosha: mimea ya kandokando ya maji imezoea kuishi na kiasi cha maji cha mahali pale, hushikilia udongo, hutia kivuli, na haikui kwa kasi ya kumaliza akiba ya bonde katika muda wa mwanafunzi kusoma toka darasa la kwanza hadi kidato cha pili.

MMEA WA ASILI SI HIRIZI

Baada ya kusema hayo, yafaa kuonya upande wa pili. Wako wanaodhani kwamba ukiondoa mmea wa kigeni na kuweka wa asili, basi kazi imekwisha. Ziwa Jipe, mpakani mwa Tanzania na Kenya, laonyesha kwamba sivyo.

Ziwa hili hupokea maji ya mto Lumi, unaotoka Kilimanjaro, na maji mengine kutoka milima ya Upare. Ni ziwa lisilo na kina kirefu, na lina samaki wa jamii ya perege, Oreochromis jipe, aliyepewa jina la ziwa hilo. Kwa miaka mingi sasa eneo kubwa la ziwa limezibwa na mmea uitwao Typha, ule wenye vichwa vya hudhurungi vinavyofanana na mshumaa. Wavuvi hupata taabu kupitisha mitumbwi. Mmea huu haukutoka ng'ambo kama gugumaji lililovamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Typha ni wa hapahapa. Kilichobadilika ni mazingira: udongo mwingi uliochukuliwa kutoka kwenye miteremko iliyolimwa uliingia ziwani, kina kikapungua, na rutuba ikaongezeka. Typha uliona shamba limetayarishwa, nao ukalima.

Kwa hiyo uzawa wa mmea peke yake hautoshi. Mmea uleule husafisha maji mahali pamoja na kuziba ziwa mahali pengine. Linaloamua ni maji na udongo. Ndiyo maana utaratibu waanza na maji: kwanza kuzuia udongo kule juu, kuziba mfereji uliochimbwa kukausha kinamasi, na kuwatoa ng'ombe penye chemchemi kwa kuwatengenezea mahali pengine pa kunywea. Mara nyingi, maji yakirudi na kwato zikiondoka, matete na ndago hujiotea zenyewe kutoka kwenye mbegu na mizizi iliyolala topeni, na kazi ya jembe huwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

KINAMASI CHA KUTENGENEZA

Mambo haya si ya kurudisha vilivyopotea tu. Kinamasi chaweza pia kutengenezwa upya kwa ajili ya kazi maalumu, na Moshi ina mfano wake. Maji taka ya mji hupelekwa kwenye mabwawa ya kusafishia yaliyoko upande wa Mabogini. Hapo hukaa ili uchafu mzito uzame na jua na bakteria zifanye kazi yao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotafiti usafishaji wa maji kwa njia hii tangu miaka ya 1990, waliongeza hatua nyingine: kitanda cha kokoto kilichopandwa mimea ya majini, ambamo maji yatokayo bwawani hupita polepole.

Jinsi kinavyofanya kazi ni somo kamili la bayolojia na kemia. Kokoto huchuja chembe. Juu ya kokoto na mizizi hukaa utando wa bakteria wasiohesabika. Mahali penye oksijeni, karibu na mzizi, baadhi yao huigeuza amonia kuwa nitrati. Hatua chache kutoka hapo, pasipo na oksijeni, wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayorudi hewani. Mmea wenyewe hula sehemu tu ya rutuba. Kazi yake kubwa ni kuwajengea bakteria nyumba na kuwapelekea hewa. Aina ya matete iitwayo Phragmites mauritianus, inayoota yenyewe kandokando ya mito ya Tanzania, imetumiwa mara nyingi katika vitanda vya namna hii. Haikulazimu kuagiza mbegu ng'ambo.

Maji ya Mabogini hayafai kunywa, na hapana mtu mwenye akili asemaye hivyo. Lakini wakulima wa jirani huyatumia katika mashamba ya mpunga, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba rutuba iliyobaki humo ni faida kwa mkulima, mradi afya ya wanaoyagusa iangaliwe. Kikundi hichohicho cha Chuo Kikuu kilijenga vinamasi vya namna hii hata katika vyuo na shule, kwa mfano Chuo cha Ualimu Kleruu na Shule ya Sekondari Ruaha huko Iringa. Shule yenye bweni, jiko na bafu ina maji machafu kila siku. Badala ya kuyaacha yatiririke nyuma ya uzio, yaweza kuyafanya maabara.

HOJA ZA WANAOPINGA

Haifai kuwadharau wanaopinga, kwa kuwa hoja zao zina uzito.

Hoja ya kwanza ni chakula. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulionyesha kwamba hekta moja yenye maji ya kutosha yaweza kutoa zaidi ya tani sita za mpunga. Nani atamwambia mkulima aache tope liote mafunjo? Jibu limo katika historia ya mradi wenyewe. Wakulima wa sehemu za juu walipoona faida, nao waliyachukua maji kulima mpunga wao, na mashamba yaliyopangwa kumwagiliwa kule chini yakapungukiwa. Maji hufuata mkondo, na anayekaa mwisho wa mkondo hupata masalio. Mpunga unategemea chemchemi za Rau na Njoro. Anayeilinda chemchemi analinda wali wake mwenyewe. Kinachotakiwa ni mita 60 za ukingo na macho ya chemchemi. Bonde zima halidaiwi.

Hoja ya pili ni malaria. Ni kweli kwamba mbu huzaliana majini. Lakini mbu wa Anopheles wanaosambaza malaria katika sehemu hizi hupenda madimbwi yasiyo na kina, yaliyo wazi juani: nyayo za ng'ombe, mitaro iliyoziba, majaruba mapya. Huko kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliona mbu hao wengi zaidi katika vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa kuliko kando ya vinamasi vyenye mafunjo yake. Na Moshi Chini kwenyewe, watafiti walieleza mwaka 2002 jambo la kushangaza: kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi, lakini maambukizo yalikuwa machache kuliko kijiji kisicholima mpunga. Sababu iliyopendekezwa ni kwamba waliovuna vizuri waliweza kununua vyandarua na dawa. Kwa hiyo kukausha kinamasi si tiba ya malaria. Mara nyingine ni kubadilisha kivuli kwa dimbwi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: umaskini wa mwenye ardhi. Mjane mwenye mikaratusi sita penye chemchemi hakuipanda kwa ujinga. Ile ni akiba yake ya ada ya shule na bati la nyumba. Akiambiwa aikate kwa faida ya mji, ya majaruba na ya mitambo ya umeme iliyoko mamia ya kilomita kutoka kwake, yeye peke yake ndiye anayelipa, na wote wengine wanapokea. Hiyo si haki, na jambo lisilo haki halidumu. Atakata leo mbele ya kiongozi na kupanda tena kesho.

Njia ya kutenda haki ipo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, hutoza ada kwa watumiaji wa maji. Sehemu inayojulikana ya ada hiyo ingepaswa kurudi chemchemini, kwa mwenye ardhi anayeondoa mikaratusi na kutunza mimea ya ukingoni. Jambo hili si ndoto: katika milima ya Uluguru, mradi ulioendeshwa na mashirika ya CARE na WWF kuanzia mwaka 2006 uliwaunganisha wakulima wa juu na watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, na wakulima wakalipwa kwa kulima kwa namna inayohifadhi mto. Kilichowezekana kwenye mto Ruvu wa Uluguru chawezekana kwenye mto Ruvu wa Kilimanjaro.

KAZI YA SHULE

Shule haiwezi kutunga sheria wala kugawa ada. Lakini yaweza kufanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kupima.

Zana ni ndoo ya lita 20, kipande cha bomba, na saa. Tuseme chemchemi yajaza ndoo kwa sekunde 8. Hizo ni lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku vijijini. Basi chemchemi hiyo yatosha watu 8,640. Mwaka wa pili, mwezi uleule, ndoo ikijaa kwa sekunde 10, maji yamekuwa lita 172,800, yanayotosha watu 6,912. Sekunde mbili zilizoongezeka ni watu 1,728 waliokosa maji. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe hatahitaji hotuba. Ila akumbuke kuandika pia mvua ya mwaka, maana mwaka mmoja wa ukame si ushahidi wa kosa la mti.

Baada ya kupima, darasa lichore ramani ya unyevu: penye maji, penye tope, penye udongo mbichi, penye ukavu. Kisha litafute mama wa mbegu karibu, katika bonde lilelile. Matete na mafunjo hupandwa kwa vipande vya mizizi. Mkuyu hukubali kipandikizi. Msesewe na mzambarau mwitu huhitaji kitalu. Kila mmea upandwe katika ukanda wake, na panapoota penyewe paachwe. Mwisho, daftari likabidhiwe kidato kinachofuata, kwa kuwa mche wa ukingoni huhitaji miaka mitatu ya palizi na uzio kabla haujajitegemea, na kumbukumbu ya chemchemi huhitaji kumi.

Daftari hilo lina thamani kuliko ripoti ya miche elfu. Siku mjane atakapodai haki yake mbele ya bodi, au wakulima wa chini watakapowalaumu wa juu, au mtaalamu atakapouliza kama kazi ya kurudisha kinamasi imezaa matunda, jibu litakuwa limo humo, limeandikwa kwa mwandiko wa wanafunzi, mwezi kwa mwezi. Pasipo daftari kila mmoja atasema la kwake, na chemchemi yenyewe haina mdomo.